Mmea wa Thobile

Siku Thobile alipoondoka ilikuwa Jumanne ya baridi kali, na maji ya kuku yalikuwa yameganda kwenye beseni uani. Lori la wakata manyoya lilipiga honi nje ya geti kabla chai haijachemka. Alivaa makoti mawili, akachukua mkasi wake aliouvingirisha kwenye kitambaa, kisha akasimama barazani akiutazama mmea wake ndani ya kopo la rangi. Akagusa jani moja kwa kidole, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Usiunyweshe sana," akaniambia. "Huu ni mzaliwa wa mlimani. Umezoea shida."

"Kama mimi."

"Wewe umezoea kudeka."

Akacheka, akarukia nyuma ya lori kati ya wenzake. Lori lile lilipinduka kwenye kona ya barabara ya kokoto, njiani kwenda shamba la mbuzi wa manyoya, na kabla jua halijazama nilikuwa mjane.

Wakati wa msiba sikio la mama yake, MaMpinga, lilianza kumuuma. Ulikuwa ugonjwa wake wa miaka mingi, na ndiyo sababu Thobile aliuleta mmea ule nyumbani. Majani yake ni manene kama sikio la mtu, yana ukingo mwekundu na unga mweupe juu. Ukilipasha jani moto kidogo na kulikamua, maji yake hutuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye godoro la wafiwa, mimi na yeye, migongo ukutani. Nikainuka nikachuma jani, nikalipasha, nikamdondoshea sikioni. Akafumba macho.

"Mwanangu bado ananitibu," akasema.

Tangu siku hiyo alikuwa akiuamkia mmea ule asubuhi kabla ya kuniamkia mimi.

Mwaka wangu wa nguo nyeusi niliumaliza chini ya paa lake. Ndugu zangu wa Peddie waliniita mara nyingi nirudi nyumbani, nami kila mara nilikuwa na sababu: kuku wanataga, mama anaumwa, mvua imenyesha. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumezoeana. Yeye alipika, mimi nikaosha vyombo. Mimi nikisahau jina la mchungaji wa zamani, yeye analo. Yeye akisahau miwani yake, mimi najua iko kichwani kwake. Siku ya kuvuliwa nyeusi alinifungua kilemba kwa mikono yake mwenyewe, akanivisha gauni la rangi ya machungwa mbele ya akina mama wa mtaani.

"Haya, makoti," akasema. Aliendelea kuniita hivyo, yaani bibi harusi kwa Kixhosa, kama siku ya kwanza nilipoletwa. "Umetembea pembeni ya njia vya kutosha. Sasa tembea katikati."

Na hapo katikati ndipo nilipokutana na Monwabisi.

Si kwamba sikumjua. Jansenville ni mji mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta katika duka la wafugaji, pale penye nyaya za uzio na dawa za kupe. Mwaka mzima alinipimia chakula cha kuku bila kunitazama usoni, kwa heshima ya nguo zangu. Aliitazama mikono yangu tu. Siku niliyoingia na gauni la machungwa aliinua macho, na akayasahau mahindi. Yakajaa kwenye mfuko, yakafurika, yakaanza kutiririka sakafuni.

"Unamwaga," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaendelea kumwaga.

Jumapili iliyofuata alikuja na gunia la makapi ambalo hatukuliagiza. MaMpinga alimpa kiti, akaweka cha kwake katikati yetu, akakaa hapo kama kizuizi cha barabarani hadi kijana alipoaga. Jumapili nyingine akaja na misumari. Nyingine akaja na kamba. "Huyu mtu atatujengea zizi la ng'ombe tusio nao," MaMpinga akasema, nami nikageuza uso nisionekane ninavyotabasamu. Alicheka kidogo yeye pia. Nilidhani mambo yanakwenda vizuri.

Kisha majani yakaanza kujikunja.

Kwanza yale ya chini. Kingo zilijiviringisha kwa ndani, jani likawa kama kiganja kinachotaka kuficha kitu. Baadaye ya katikati. Unga wake mweupe ukawa na mabaka, ncha zikawa kahawia, na ukilibonyeza jani unahisi ulegevu, kama tumbo la mtu mwenye njaa. MaMpinga aliuona kabla yangu. Hakusema kitu kwa siku nyingi. Akasema tulipokuwa tunachambua maharage.

"Makoti, umeuona mmea wa mumeo?"

"Nimeuona, Mama. Labda ni joto."

"Joto lilikuwepo mwaka jana. Haukujikunja." Akatupa harage bovu pembeni. "Umeanza tangu yule wa dukani akanyage baraza hili. Thobile amenipa kisogo. Hataki."

Niliacha kuchambua.

"Mimi si polisi," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Wewe ni kijana, huwezi kuzeeka na mimi hapa ukinitafutia miwani. Lakini wazee wa mtu yeyote hawatabisha hodi kwangu mwanangu akiwa amekunja uso hivyo. Ukitaka kuolewa, rudi kwenu Peddie, uolewe kutoka huko. Sitakulaumu."

Ningeweza kwenda Peddie. Ndugu zangu wangewapokea wazee wa Monwabisi siku hiyo hiyo na kuwachinjia. Lakini kutoka kwenye geti lile na sanduku mkononi, nimwache peke yake na kopo lile barazani, akiamini kwamba mwanawe alikufa mara ya pili kwa sababu yangu? Kumpata Monwabisi kwa namna hiyo nisingeweza. Nilimwambia hivyo, dukani, katikati ya ndoo na mbegu.

Alinisikiliza akiwa ameegemea kaunta.

"Kwa hiyo," akasema, "nina mpinzani, na mpinzani wangu ni mmea."

"Acha utani, Monwabisi."

"Sitanii. Mtu ningejua namna ya kumkabili." Akanitazama kwa muda mrefu, hadi mzee aliyekuwa akisubiri kununua bawaba akakohoa. "Jumapili akienda kanisani nakuja. Kama mmea unaumwa, tutautibu. Kama ni Thobile kweli amekasirika, nitamwambia mimi mwenyewe kwamba nakupenda, naye aamue."

Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo. Yule mzee wa bawaba akasema, "Amesikia. Sasa nihudumie."

Jumapili ile MaMpinga alivaa vazi lake la kanisa, jeupe lenye nyota ya kijani mgongoni, akachukua fimbo yake, akaenda. Ibada zao huenda mpaka alasiri, kwa ngoma na kuzunguka. Hakukuwa na wingu. Monwabisi akaingia getini na mfuko wa plastiki, akaanza kupanga vitu barazani kama mganga: dawa ya wadudu, dawa ya ukungu, mbolea ya chenga, mbolea ya maji, na miwani ya kukuzia vitu ambayo meneja wake hutumia kusomea risiti.

"Wewe unajua mimea?" nikamuuliza.

"Nimeuza dawa hizi miaka mingi."

"Umewahi kupanda nini?"

Akafikiri. "Kitunguu kimoja. Kilikufa."

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Nilikuwa sijacheka hivyo kwenye baraza lile tangu lile lori.

Tukaanza. Yeye alisoma maandishi ya kwenye chupa, mimi nikaushughulikia mmea. Tulitazama chini ya kila jani kwa ile miwani, kichwa chake karibu na changu mpaka nikasikia harufu ya sabuni aliyoogea. Hakukuwa na mdudu, wala utando, wala ule uchafu mweupe kama pamba unaojificha kwenye makwapa ya majani.

"Basi ni maji," akasema kwa sauti ya kaunta. "Yamezidi."

Nikachomeka kidole kwenye udongo. Juu pakavu, chini unyevu kidogo tu. Shina lilikuwa gumu. Mmea uliozidiwa maji hulainika shina na majani hugeuka manjano kama yaliyopikwa. Wa Thobile ulikuwa kinyume chake, ulikuwa na kiu.

"Basi yamepungua."

"Namwagilia, Monwabisi. Kidogo kidogo kama alivyoniambia. Na bado una kiu. Jua ni lile lile, haujahamishwa. Kuna kitu kinaunyima maji mdomoni."

"Yaani unakunywa na haushibi."

"Ndiyo hivyo."

"Namfahamu mtu mwenye ugonjwa huo," akasema taratibu. Macho yetu yakakutana juu ya majani. Mimi ndiye niliyeinamisha uso kwanza, nikajifanya nakwangua kopo.

Na pale nilipokuwa nakwangua, ukoko ukabanduka chini ya kucha yangu. Mweupe, mgumu, umeuzunguka mdomo wote wa kopo na kutanda juu ya udongo kama barafu ya asubuhi. Nilikuwa nimeuona siku zote nikidhani ni magadi ya maji ya kisima, maana maji yetu huacha ukoko hata kwenye birika. Lakini mmea huu nilikuwa naunyweshea maji ya mvua, ya tangi.

"Tuutoe," nikasema.

"Kumtoa Thobile?"

"Kuutoa mmea."

Tukatandika gazeti. Monwabisi akalilaza kopo, nikaligonga kitako, na mmea ukateleza ukatoka na udongo wake umeshikana kama keki. Mashimo ya chini aliyoyatoboa Thobile kwa msumari yalikuwa yamezibwa kabisa na ule ukoko. Ncha za mizizi zilikuwa kahawia, zimeungua. Harufu fulani ikanipanda puani, kali, ninayoijua, lakini sikuweza kuipa jina. Monwabisi alichukua chembe ya ukoko, na kabla sijamzuia akailamba.

"Chumvi," akasema, uso umekunjamana. "Na siki. Zoleka, huu si udongo, huu ni achari."

Hapo nikajua. Nyuma ya mlango wa chumba cha MaMpinga kulikuwa na chupa, na kila mtu wa kanisa lake anayo: maji yaliyoombewa, yenye chumvi, siki na majivu, ya kunyunyiza kizingitini na pembe za nyumba ili mabaya yasiingie. Alikuwa akinyunyizia kitu alichokipenda kuliko vyote. Na alipoona majani yanajikunja aliongeza, yakazidi kujikunja, akazidi kuongeza. Ukipaka nyama chumvi unapotaka kuikausha, hutoa maji yake yote. Mizizi ilikuwa inafanywa hivyo hivyo.

Nikakaa chini sakafuni. Monwabisi akakaa kando yangu.

"Akirudi mwambie ni maji ya kisima," akasema. "Tutaosha, tutapanda upya, majani yatanyooka, atafurahi. Hakuna atakayeumia."

"Na ile chupa? Kesho asubuhi atanyunyiza tena."

"Mwambie mimea haipendi kuguswa asubuhi."

"Nimdanganye mwanamke aliyenifungua kilemba?"

"Sasa utamwambiaje, Zoleka? Kwamba sala zake ndizo zinazoua mmea wa mwanawe? Mimi sitaki kupata mke kwa kumvunja moyo mama."

"Nawe unataka kumpata kwa uongo."

"Nataka kumpata. Jinsi gani, nakusikiliza wewe."

Alisema bila hasira, huku mikono yake imejaa udongo na vipande vya gazeti vimemganda magotini. Nilitaka kumjibu kwa ukali na nilitaka kuegemea bega lake, na kabla sijafanya mojawapo, geti likalia.

MaMpinga alisimama pale na vazi lake jeupe. Ngoma ilikuwa imemuumiza kichwa, akaomba ruhusa kurudi mapema. Mkononi alikuwa na chupa mpya. Alitazama gazeti. Alitazama mizizi uchi kwenye jua. Kisha akatutazama sisi wawili sakafuni.

"Mnamng'oa mwanangu," akasema.

Monwabisi akasimama haraka akavua kofia. "Mama, ni mimi. Ni wazo langu mimi."

"Si wazo lake, Mama," nikasema. "Mmea ulikuwa unaumwa, tukautafutia ugonjwa. Tumeuona." Niliinuka, nikamshika mkono nikamkalisha kwenye kiti chake, kile cha katikati. "Ni ile chupa, Mama. Ina chumvi. Chumvi inaikausha mizizi. Thobile hajakupa kisogo. Mmea una kiu tu."

Niliona kidole gumba chake kikipapasa kizibo cha chupa, kikizunguka, kikizunguka.

"Nilianza siku yule alipoleta gunia," akasema hatimaye, akiongea na mizizi zaidi kuliko sisi. "Nilisema nimkinge Thobile asiumie. Nikanyunyiza. Akajikunja. Nikasema ameumia sana, nikanyunyiza zaidi."

"Najua, Mama."

"Lete huo ukoko."

Nikampa kipande. Akakitazama, akakiweka ulimini kama anayeonja mchuzi. Akakaa nacho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikapiga magoti mbele yake nikijua nimemuua.

Alikuwa anacheka.

"Maisha yake yote," akasema, akijifuta macho na pindo la vazi takatifu. "Tangu ana meno mawili. 'Mama, chumvi nyingi. Mama, huu si mchuzi, ni bahari.' Siku ya harusi yenu alikwenda jikoni akamwambia shangazi yake, 'Mwondoeni mama kwenye sufuria.' Makoti, ni uongo?"

"Ni kweli, Mama. Hata mimi aliniambia nikufiche kopo la chumvi."

"Ulinificha?"

"Kila Jumamosi."

"Ndiyo maana." Akacheka tena, sasa machozi yakimtoka waziwazi, na sikujua ni ya upande gani. Nadhani hata yeye hakujua. "Amekufa, ameondoka, na bado ananikunjia uso kwa sababu ya chumvi. Mtoto huyu jamani."

Monwabisi alikuwa amesimama na kofia mikononi, hajui kama inaruhusiwa kucheka. MaMpinga akamgeukia.

"Nawe umeilamba?"

"Nimeilamba, Mama."

"Udongo wa nyumba ya watu."

"Ndiyo, Mama."

"Wa kabila gani wewe? Ukoo wako."

"Bhele, Mama."

"Basi usisimame kama mlingoti, Bhele. Lete maji ya tangi."

Tuliosha mizizi ndani ya beseni la kuku, mara ya kwanza, ya pili, mpaka maji yakawa matamu. Nasema hivyo kwa sababu MaMpinga aliyaonja kila mara na hakuna aliyemzuia. Nikakata ncha zilizoungua kwa kisu safi. Tukaulaza mmea kivulini juu ya gunia, mizizi ikauke vidonda kwanza, siku kadhaa, kwa kuwa ukiupanda na jeraha bichi unaoza. Monwabisi alitaka kuweka mbolea. Tukamwambia kwa pamoja aiweke mfukoni. Udongo wa zamani tulikwenda kuumwaga mbali, kwenye njia ya kokoto, na mpya tuliuchota kando ya mto mkavu, mchanga mkubwa wenye vijiwe, ambao maji hupita bila kusimama. Kopo likatobolewa mashimo mapya. Baada ya kuupanda tuliuacha bila hata tone kwa siku nyingine nyingi, na hapo ndipo MaMpinga aliteseka kuliko wote. Alikuwa akiuzunguka mikono imefungwa nyuma, kama mtu aliyekatazwa sukari. Chupa yake aliihamishia getini. Majani mengine ya chini hayakunyooka, yakakauka yakaanguka. Ya katikati yalijaa taratibu. Juu yakatoka mawili madogo, yamefumbatana.

Lakini MaMpinga hakusubiri hayo.

Jioni ya Jumapili ile ile alimpakulia Monwabisi mahindi ya kupondwa na maharage, sahani imefurika, akakaa mbele yake kumtazama. Nilionja ya kwangu. Ilikuwa chumvi tupu. Nilikuwa sijapata nafasi ya kulificha kopo. Nikamkonyeza Monwabisi aache. Akala hadi mwisho. Akafuta sahani kwa mkate. Akaomba maji, akaomba tena, akaomba jagi.

"Vipi chakula?" MaMpinga akauliza.

Nilimwona Monwabisi akipambana na nafsi yake. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Mama," akasema, "chumvi imezidi."

Nikashika shavu. MaMpinga hakutikisika. Alichukua sahani ile tupu, akaisogeza pembeni, akakunja mikono mezani.

"Wazee wako wanaamka saa ngapi huko kwao?"

"Mapema, Mama."

"Waambie wasiende Peddie. Kule ndugu zake tutawatumia salamu, nao waje hapa wakae upande wangu. Huyu ni mtoto wangu, na anaolewa kutoka nyumbani kwangu."

Mkono wa Monwabisi ukanitafuta chini ya meza, ukanipata. MaMpinga aliona. Akainuka akaenda kuchemsha chai, na alichukua muda mrefu sana kuitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake.

Wazee wa akina Bhele wanakuja Jumamosi hii. Ndugu zangu walifika jana kutoka Peddie, wamelala sebuleni, na leo asubuhi shangazi yangu ndiye aliyeshika sufuria.